Uhamie wapi: Milimani Umatengo, mashariki ya Mbinga, au mwambao wa Nyasa? (Mwongozo kwa kijana anayetafuta pa kuanzia)

Swali hili linarudi kila mara hapa kijiweni: "Nimemaliza shule, mjini hakuna kazi, nyumbani shamba limegawanywa mpaka limekuwa kama kitambaa cha mkono. Nasikia huko Mbinga na Nyasa ardhi bado ipo. Niende upande gani?" Wanaouliza ni watu wa Songea, Njombe na hata Dar. Wengine ni vijana wa Litembo na Chiwanda wenyewe, maana usidhani aliyezaliwa huku ana shamba tayari.

Basi nimejaribu kuyaweka yote sehemu moja. Kama dakika zako za kafe zinaisha, soma sehemu ya ardhi na ile ya maswali kumi. Hizo ndizo zitakazokuokoa.

ARDHI IPO KWELI?

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,848,794 mkoa wa Ruvuma. Mkoa una kilometa za mraba 63,669, yaani kama watu 29 kwa kilometa moja ya mraba. Sasa linganisha na Kilimanjaro: watu 1,861,934, karibu sawa na sisi, lakini wao wamekaa kwenye kilometa za mraba 13,250 tu. Hiyo ni kama watu 140 kwa kilometa moja. Kwa hiyo kwenye karatasi Ruvuma ni weupe mtupu.

Lakini karatasi inadanganya. Watu hawakusambazwa sawa kama mbegu. Kuna sehemu za Umatengo ambapo kilima kizima kimelimwa mpaka kileleni, nyumba kwa nyumba, na ukitembea saa chache kuelekea mashariki au kusini unakuta msitu wa miombo na kijiji kimoja kimoja. Kusema "nahamia Mbinga" hakutoshi. Sema unahamia upande gani wa mlima.

KWA NINI WATU WAMEJAZANA JUU?

Hii ni historia fupi, ila ina maana kwa anayehama. Karne ya 19 Wangoni walipoingia na vita vyao, Wamatengo walikimbilia milimani maana kule ni rahisi kujificha na kujilinda. Wakabanana kwenye miteremko mikali. Ili ardhi isiondoke na mvua wakaja na kilimo cha NGORO. Unafyeka majani, unayapanga kwa mistari inayokatana kama nyavu, yanakauka, halafu unachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya majani. Mlima mzima unabaki na vishimo. Maji ya mvua yanatuama humo badala ya kuporomoka na udongo. Maharage hupandwa mwezi wa tatu hivi, mahindi yanafuata mvua za mwisho wa mwaka. Mpaka leo wataalamu wanatoka nje kuja kuangalia.

Halafu ikaja kahawa miaka ya 1920. Kahawa ni mti wa kudumu, ukishapanda ardhi imefungwa. Na Wamatengo wana utaratibu wa NTAMBO, yaani eneo la mlima kati ya mabonde mawili, ambalo ukoo mmoja unakaa na kulima, baba anagawia watoto wa kiume. Wajukuu wakiwa wengi, vipande vinaisha. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 watu wa juu walianza kushuka kwenda mashariki na kufungua vijiji vipya, mfano Kitanda. Kuhama siyo jambo geni huku. Babu zetu walihama na jembe na mbegu, wewe unahama na simu. Swali ni lile lile.

SASA TUANGALIE KANDA MOJA MOJA

1. MILIMANI (Litembo, Langiro, Maguu na jirani zake)

Hali ya hewa: milima ya Umatengo ipo kwenye mita 1,300 hadi 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi hasa, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mvua ni nzuri, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Malaria ni ndogo kuliko chini ziwani.

Pesa: kahawa. Mbinga ni moja ya sehemu kubwa za kahawa ya arabika nchini. Kuna kituo cha utafiti cha TaCRI pale Ugano ambacho kimesambaza miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mauzo yanapita kwenye vyama vya msingi (AMCOS). Ila kahawa inalipa mara moja kwa mwaka, na mche mpya unakuweka kama miaka mitatu kabla ya kuchuma kitu cha maana. Ukiingia na nauli tu mfukoni, hiyo miaka mitatu utakula nini?

Huduma: hospitali ya misheni Litembo ipo miaka mingi na inajulikana. Shule zipo. Barabara za kupanda vijijini ni vumbi na udongo mwekundu, masika zinateleza kama sabuni.

Ardhi: hapa ndipo pagumu. Shamba huwezi kupewa bure, utanunua au utakodi, na anayekuuzia mara nyingi ana ndugu kumi wenye neno kwenye shamba hilo. Panamfaa mwenye ukoo huko, aliyeoa au kuolewa huko, au anayekuja kwa kazi nyingine: ufundi, duka, bodaboda, kukodi shamba la mzee asiyeweza kulima tena.

2. MASHARIKI YA MBINGA (upande wa miombo)

Hali ya hewa: ni chini kidogo, joto zaidi, miinuko siyo mikali. Unaweza kulima kwa matuta ya kawaida.

Pesa: mahindi, maharage, mihogo, mifugo midogo. Pia kuna makaa ya mawe, ila hayo yapo kaskazini upande wa Ruanda, kule Ngaka, uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011. Malori yanapita, mama ntilie wanauza, mafundi wanapata vibarua. Lakini usiende kwa sababu ya mgodi peke yake. Mgodi unaajiri wachache, na siku makaa yakiyumba bei, kijiji kizima kinakaa kimya.

Ardhi: hapa ndipo nafasi ilipo kuliko milimani. Tatizo lake ni umbali. Zahanati mbali, shule ya sekondari mbali, na shamba jipya la miombo linataka nguvu: kukata, kung'oa visiki, kusubiri. Miaka ya mwanzo udongo unatoa vizuri halafu unachoka kama hujaulisha. Wengi waliohamia walikuta ngoro haina kazi sana kwenye tambarare, ikabidi wajifunze upya.

Panamfaa mwenye nguvu, mwenye mwenza wa kusaidiana, na mwenye chakula cha mwaka mzima cha kuanzia.

3. KUSINI (Tingi, Liparamba na njia ya kuelekea Msumbiji)

Hapa ndipo penye watu wachache hasa. Milima ya juu upande wa Tingi na Kingerikiti inakubali kahawa, na kuna maji. Ukishuka kuelekea mpakani kuna Pori la Akiba Liparamba. Na penye pori kuna tembo. Tembo hasomi mpaka wa shamba. Kabla ya kushangilia ekari nyingi waulize wenyeji: "Mwaka jana mlivuna au tembo alivuna?"

Jambo la pili: uko mpakani. Tembea na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho. Watu wa pande mbili ni ndugu, wanaoana na kuzikana, lakini askari wa uhamiaji akikukuta mgeni usiye na karatasi, maelezo yatakuwa marefu.

4. MWAMBAO WA ZIWA (Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, Chiwanda)

Huku ndiko nyumbani kwa Wanyasa, Wamanda na Wampoto. Zamani yote ilikuwa wilaya ya Mbinga, baadaye ikakatwa wilaya ya Nyasa, makao makuu Mbamba Bay. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 146,160 kwenye wilaya hiyo mpya.

Hali ya hewa: joto. Ziwa lipo karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, yaani kutoka Litembo mpaka ufukweni unashuka zaidi ya kilometa moja kwenda chini. Aliyezoea baridi ya mlimani atalalamika mwezi mzima. Malaria ipo sana, chandarua siyo pambo. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia. Mamba wapo kwenye midomo ya mito, usiige watoto wa wenyeji kuogelea usikopajua.

Pesa: samaki, mihogo, mpunga kwenye mabonde. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali kazi inalala, na hela inalala pia. Ukija na hesabu ya siku 30 za kuvua kwa mwezi umejidanganya. Pia upepo wa mwera unaotoka kusini unachafua ziwa, hasa kati ya mwezi wa tano na wa nane. Wazee wakisema leo hapana, ni hapana. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, siyo bwawa.

Lakini uzuri wake ni huu: pesa ndogo ndogo inazunguka. Mtu wa kahawa anasubiri msimu, mtu wa ziwani anaweza kupata ya chumvi leo usiku. Kwa kijana asiye na akiba, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Chiwanda yenyewe ipo kusini ya Mbamba Bay, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Ni kijijini hasa. Ukiwa na shida kubwa ya kiofisi unakwenda Mbamba Bay, na ukiumwa sana hospitali ya zamani ya misheni ni ile ya Mtakatifu Anna, Liuli, ambayo ipo kaskazini ya Mbamba Bay. Pima huo umbali kwa pikipiki usiku wa mvua, halafu ndiyo uamue kama mke mjamzito au mzazi mgonjwa ataweza kuishi hapo. (Na Liuli, kwa wapenda historia, ndiyo Wajerumani waliita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza ilikuja kuishambulia meli ya Mjerumani iliyokuwa bandarini pale. Vita ya kwanza ya dunia ilifika Nyasa mapema hivyo!)

NINI KIMEBADILIKA

Usisikilize tu simulizi za wajomba walioondoka huku miaka ya tisini. Mambo haya yamebadilika:

- Barabara: Songea mpaka Mbinga ni kama kilometa 100, lami. Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa 66, ujenzi wa lami ulianza 2018 na sasa inapitika mwaka mzima. Zamani masika ulikuwa unalala njiani.
- Umeme: gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kutoka Makambako. Kabla ya hapo ilikuwa jenereta na mgao. Vijijini nguzo bado zinasambaa, usiamini "umeme unakuja", uliza "umeme umewaka?"
- Ziwani: meli ya abiria MV Mbeya II ilizinduliwa 2021, na kuna MV Ruvuma na MV Njombe za mizigo. Ratiba inabadilika, ulizia bandarini kabla ya kufunga mzigo. Bandari mpya ya Mbamba Bay ilianza kujengwa 2024.

Haya yote yana upande wa pili. Lami ikifika, bei ya kiwanja nayo inafika. Viwanja vya kando ya barabara na karibu na bandari vimeanza kugombewa na watu wenye hela. Kijana mwenye hela kidogo atazame kilometa kadhaa ndani, siyo lami yenyewe.

SEHEMU MUHIMU KULIKO ZOTE: ARDHI UNAIPATAJE

Hapa ndipo vijana wanapolia. Sikiliza vizuri.

Ardhi nyingi ya huku ni ardhi ya kijiji. Sheria yake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inasimamia, lakini HAIWEZI kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Soma tena. Siyo mwenyekiti peke yake, siyo mtendaji peke yake, siyo mzee mmoja aliyekukaribisha togwa. Mkutano.

Kwa hiyo karatasi ya daftari yenye sahihi tatu na muhuri haitoshi kama jambo halijapita kwenye mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari. Omba kuuona muhtasari. Anayekwambia "usijali mdogo wangu, hayo tutamaliza baadaye", mwambie na hela utalipa baadaye.

Ukishapata, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Hiyo ndiyo karatasi yako ya kweli. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi ni rahisi zaidi, maana unajua wapi ni makazi, wapi shamba, wapi malisho, wapi msitu wa kijiji. Ukipewa eneo la bei chee sana, uliza kwanza kama siyo hifadhi.

Dada zangu: sheria hiyo hiyo inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Mila ya ukoo inaweza kusema vingine, lakini sheria ipo upande wako. Kama mnanunua mke na mume, majina yote mawili yaandikwe.

Kwa wa ziwani: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kibanda kizuri mchangani kinaweza kukupa kesi. Na ziwa lenyewe linapanda na kushuka. Mwaka 2024 maji yalipanda sana. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, halafu jenga juu ya hapo.

Na lile la "Malawi wanasema ziwa lote ni lao"? Mzozo unatokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Malawi inasema mpaka ni ufukweni kwetu, Tanzania inasema ni katikati ya maji. Ulipamba moto 2012, na marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaingia kusuluhisha. Huo ni ugomvi wa maji, siyo wa shamba lako. Chiwanda ni Tanzania.

MASWALI KUMI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

1. Maji ya kunywa yanatoka wapi mwezi wa kumi, siyo mwezi wa pili?
2. Masika gari linafika? Kama halifiki, pikipiki je?
3. Zahanati ya karibu ina mhudumu au ina jengo tu?
4. Shamba hili lilikuwa la nani, na ndugu zake wako wapi?
5. Mkutano wa kijiji ulikaa lini, muhtasari uko wapi?
6. Kuna kesi yoyote Baraza la Ardhi?
7. Wanyama gani wanasumbua mazao?
8. Mazao yanauzwa wapi, na nani anapanga bei?
9. Mtandao wa simu unashika nyumbani au mpaka upande kichuguu?
10. Kijana wa mwisho kuhamia hapa yupo? Kama ameondoka, kwa nini?

Swali la kumi lina majibu yote.

JINSI YA KUINGIA

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, uone barabara na mafuriko. Mara ya pili mwezi wa tisa au wa kumi, uone ukame na maji. Panga chumba kwanza, kodi shamba msimu mmoja, fanya kibarua, hudhuria misiba na mikutano. Huku mtu hajulikani kwa cheti chake cha fomu foo. Anajulikana kwa kuzika na watu. Ukishajulikana, siku ya Mkutano Mkuu jina lako likisomwa kuna mtu atasimama kukusemea. Bila hivyo utabaki "yule mgeni" hata baada ya miaka mitano.

Beba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakotoka. Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hata ya kufungua begi.

KWA HIYO UAMUZI NI UPI?

Kwa kifupi hivi. Una ukoo mlimani na subira? Panda, shika kahawa, na ujifunze ngoro kwa wazee kabla hawajaondoka nayo. Una nguvu, mwenza na chakula cha mwaka? Nenda mashariki. Huna akiba lakini una mikono na huogopi joto? Mwambao, na anza kama msaidizi wa mtu kabla ya kuota mtumbwi wako. Unataka ekari nyingi na upweke haukutishi? Kusini, ila piga hesabu ya tembo.

Na kama una mgonjwa wa kudumu au mtoto mchanga, weka hospitali mbele ya rutuba. Udongo unaweza kuulisha mbolea, lakini usiku wa mvua kilometa hazipungui.

Wadau mlioko Mbinga, Liuli, Tingi na Chiwanda, ongezeni mnayoyajua hapo chini kwenye maoni: bei za kukodi shamba, hali ya barabara za ndani, kijiji gani kinapokea wageni vizuri. Msitaje majina ya watu mnaogombana nao, tajeni hali halisi. Kuna kijana mahali fulani anahesabu nauli sasa hivi, na anasoma hapa.